Msomaji Mmoja wa Kibindoni

Sechelela mwanangu,

Mama yako amekwisha kukupa maagizo yote ya safari, mengine amekupa mara mbili, kwa hiyo mimi sitakuambia ule nini wala ulale saa ngapi huko Dar es Salaam. Karanga ziko kwenye mfuko wa buluu. Maagizo yangu yameishia hapo.

Mmekwenda Mvumi kuaga ndugu, nami nimesingizia goti. Goti haliumi. Nilitaka nyumba ibaki tupu mchana huu ili niandike jambo ambalo nimeshindwa kukuambia uso kwa uso kwa miaka saba. Kesho ukipanda treni bila kulijua, utakuwa umebeba kitu changu kibovu ukidhani ni kizima.

Jumatatu ulinionyesha maelezo yako uliyowatumia waajiri wako wapya wa mambo ya uandishi. Umeandika kwamba umekulia ndani ya Kibindoni, "blogu huru ya masuala ya fedha, mashuhuri na yenye ushawishi mkubwa Kanda ya Kati," iliyoendeshwa na baba yako. Ukaniomba mambo mawili: niwaandikie barua ya kuthibitisha hilo, halafu nikupe neno la siri la blogu ili wewe na wenzako muifufue. Nikakwambia nitafikiri. Ukacheka.

"Baba, cha kufikiri kiko wapi? Kwani si kweli?"

Nimelibeba swali hilo tangu Jumatatu, hata mama yako ameona nimeacha kula. Nalijibu sasa, na nakuomba usome mpaka mwisho hata ukikasirika katikati.

Unajua nilikuwa mtunza stoo kwenye karakana ya mageti kule Kizota. Nilisoma uhasibu nikakatishwa njiani na ada, nikaishia kutoa bawaba asubuhi na kupokea bawaba jioni. Mafundi waliniita Mzee wa Bawaba nikiwa bado kijana. Sitakudanganya kwamba nilianzisha Kibindoni kwa uchungu wa kuwasaidia wanyonge. Nilitaka kuitwa jina jingine.

Hata hivyo mwanzoni niliandika vitu vya maana, na hilo nalisema bila haya. Niliandika namna ya kusoma mkataba wa mkopo kabla ya kuweka dole gumba. Niliandika juu ya wale wakopeshaji wa kausha damu waliokuwa wakizunguka mtaa wa Kikuyu na pikipiki, wakibeba majiko na magodoro ya kina mama. Hakuna aliyenilipa, hakuna aliyenituma. Mama mmoja muuza mbogamboga alinisimamisha njiani akanipa fungu la mlenda bure, akasema binti yake amemsomea na amenusurika. Ningeishia hapo, leo ningekuandikia hiyo barua ya uthibitisho kwa wino wa dhahabu.

Ubaya ulianza nilipogundua pale mahali panapoonyesha idadi ya waliofungua makala. Seche, nilipaangalia pale kama mlevi anavyoangalia chupa. Nilipaangalia stoo, msalani, hata kanisani. Mlenda ukawa hautoshi tena. Nikaanza kujiita mchambuzi. Nikachapisha vikadi vyenye jina langu. Ukiwa darasa la sita ulikuwa ukigawa vikadi hivyo shuleni, na mimi nilikuacha.

Ndipo akaja meneja mmoja. Alikuwa na kampuni iliyouza mistari ya mizabibu: unanunua mistari yako shambani, wao wanapalilia, wanamwagilia, wanavuna mara mbili kwa mwaka, wewe unasubiri chako. Alinikuta stoo, akanisalimia kwa jina la Kibindoni mbele ya mafundi wote. Nakuapia, mwanangu, angeniomba figo siku ile ningemuuliza ya kulia au ya kushoto. Alitaka makala moja tu. Alitaka niwaandikie Wagogo wenzangu wenye ng'ombe, kwa maneno ya nyumbani, kama ndugu yao. Na alitaka isionekane kwamba imelipiwa.

Alinilipa. Lile tangi jeusi la maji lililoko uani, ulilochotea tangu utoto, lilitoka hapo.

Makala yenyewe unaijua, maana unaijua kwa moyo: "Ng'ombe Waliolala, na Hatua Saba za Kuwaamsha." Ndani yake niliicheka desturi yetu ya kuweka ng'ombe kwa watu. Wewe umezaliwa mjini, labda hukuwahi kuiona vizuri. Babu zako hawakufuga ng'ombe wote kwenye zizi moja. Watatu walikuwa kwa shemeji, wanne kwa rafiki, wawili kwa mjane wa kijiji cha pili. Anayewatunza anakunywa maziwa na kutumia samadi, ndama mmoja mmoja anapewa awe wake. Ugonjwa ukiingia zizi moja, mazizi mengine yamesalimika. Ukikosa mvua kwako, kuna mlango mwingine wa kubisha, na hakuna mwenye mlango huo atakayekuuliza umefuata nini. Mimi, mzee wa bawaba, niliiita hiyo akiba ya kijinga. Niliandika kwamba ni mali iliyolala, inayonywewa na wengine. Niliwaambia wakusanye ng'ombe wao wote, wakawauze mnadani, fedha waziweke mahali pamoja panapoeleweka, kwenye mistari ya mizabibu.

Sikuwahi kwenda kulikagua lile shamba. Nilionyeshwa picha.

Sasa nikueleze jinsi makala ilivyofika kijijini, kwa sababu sikupanga. Katekista wa kwetu, Mwalimu Yona, alikuwa na simu kubwa. Aliichapisha makala mjini, karatasi nne, akaisoma nje ya kanisa baada ya ibada. Alipomaliza na kutaja jina la mwandishi, mzee mmoja alisimama mbele ya watu wote akasema, "Huyo ni mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemsomesha."

Alikuwa baba yako mkubwa Ndahani. Na alisema kweli. Baba yetu alipofariki nilikuwa na miaka tisa. Ndahani aliniambia, "Wewe soma, mimi nitachunga." Akauza dume kwa ajili ya sare na ada zangu, na mwaka uliofuata akauza jingine. Yeye mwenyewe hakuwahi kukaa darasani. Hakujaliwa watoto, mkewe alitangulia mapema. Alichokuwa nacho ni ng'ombe kwenye nyumba tano, na mimi.

Alizipitia nyumba zote tano, akawachukua ng'ombe wote, akawauza mnadani na kununua mistari. Kwenye nyumba moja mama aliyekuwa akilea mtoto mchanga alimfuata mpaka njia panda akiwa na kibuyu cha maziwa kitupu mkononi. Alisimama pale akimtazama Ndahani anavyoswaga ng'ombe. Hili alinisimulia Ndahani mwenyewe baadaye, na aliposimulia alikuwa akitazama chini.

Yaliyofuata ni mafupi. Kampuni ilihama usiku mmoja na viti vyake. Shamba walilowaonyesha watu lilikuwa la mtu mwingine, na huyo mwenye shamba alikuwa hana habari. Mwaka huo mvua zikagoma, uwele ukakauka ukiwa kimo cha goti. Ndahani akaenda kwenye zile nyumba tano, moja baada ya nyingine. Hawakumtukana. Walimpa kigoda na maji ya kunywa. Alikunywa, akashukuru, akarudi kwake.

Mimi sikujua lolote la Ndahani. Nilijua kampuni imetoweka, nikajifariji kwamba walioumia ni watu nisiowajua, watu wazima, wenye akili zao.

Wiki aliyokuja Ndahani kwetu, unajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nabishana kwenye mtandao. Nilikuwa nimejiandikia ukurasa kwenye kamusi elezo moja ya mtandaoni, kwa jina la uongo, nikiisifu Kibindoni kuwa ni mashuhuri na yenye ushawishi. Ndiyo, maneno yale yale uliyoyatumia wewe. Sijui uliyasikia kwangu lini, lakini ni yangu. Mhariri mmoja wa kujitolea, mtu nisiyemjua hata jina, aliniuliza kwa upole: je, kuna chanzo chochote huru, kisichotoka kwa mwandishi mwenyewe, kinachoonyesha kwamba blogu hii imebadilisha maisha ya mtu yeyote? Nilikasirika mno. Nilimkusanyia picha za maoni ya wasomaji, barua, mwaliko wa semina moja. Yote akayakataa, moja moja, kwa adabu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilijitembeza mpaka miguu ikaota sugu.

Asubuhi ya pili ya ubishi huo mtu alibisha getini. Ndahani alikuwa amesimama na blanketi, fimbo, na mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimekuja kukaa kidogo."

Nikampokea fimbo. Nikamuuliza ng'ombe amemwachia nani.

"Ng'ombe nimewaamsha wote," alisema.

Halafu akafungua mfuko akanionyesha zile karatasi nne. Zilikuwa zimekunjwa na kukunjuliwa mpaka zimetoboka kwenye mikunjo. Hakunionyesha kwa kunishtaki. Alinionyesha ili nijue kwamba alikuwa mmoja wa wasomaji wangu, yeye asiyejua kusoma. Nikamkaribisha chai. Nilipokwenda jikoni mama yako aliniona, akaniuliza kama nina malaria.

Chanzo huru kile ambacho mhariri alikuwa akikitafuta nilikilaza chumba cha nyuma, nikakipa shuka na chandarua. Ukurasa ule ukafutwa Ijumaa kwa kukosa ushahidi.

Wewe ulifurahi alipokuja. Ulikuwa kidato cha kwanza, ukitoka shule unakuta kuna mzee wa kumsimulia. Alasiri alikaa kwenye kigoda kando ya tangi, na mbuzi wa jirani wakipita njiani alisimama kuwatazama mpaka waishe. Wewe ulimwekea uji, ukamfundisha kupokea simu. Na unakumbuka alichokuwa akikuomba.

"Seche, nisomee ile ya ng'ombe."

Ulimsomea kwa sauti yako ya mtangazaji, ukiwa na sare, umesimama. Najua ni kumbukumbu unayoipenda. Umeisimulia kwenye mahafali yako, kwamba mapenzi yako ya kuandika yalianzia hapo, kwa mzee aliyependa sana makala ya baba yako. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa mstari wa pili nikitazama viatu.

Kuna siku moja nataka uikumbuke vizuri zaidi. Ulikuwa umechoka, ukamuuliza, "Baba mkubwa, mbona kila siku hii hii? Baba ana makala nyingi."

Akakujibu, "Natafuta nilipokosea, mama. Baba yako aliandika hatua saba. Mimi nadhani kuna moja niliiruka. Rudia ya nne."

Ukarudia ya nne: saini mkataba mbele ya shahidi. Akatikisa kichwa, akasema, "Hiyo nilifanya." Ukarudi nyuma kwenye ya tatu: tembelea shamba ujionee kwa macho. Akasema, "Nilikwenda kwa miguu." Ukaendelea, na kila hatua aliijibu hivyo, kama mtoto anayeitwa jina darasani. Mlipofika ya saba alisema basi, kesho mtaanza upya.

Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni na kikombe mkononi. Nilisikia yote. Hatua tano tu zilinitenga na kile kigoda, na sentensi moja tu ilitakiwa: kaka, hukukosea, niliyekosea ni mimi, nililipwa. Nilimwaga chai kwenye sinki nikarudi chumbani. Mimi baba yako ndivyo nilivyofanya, na sikufanya mara moja. Aliishi nasi karibu miaka miwili.

Umenizoea nikiwa na maelezo ya kila kitu, kwa hiyo utataka kujua kwa nini. Nimetafuta sababu nzuri, sijaipata. Uani palikuwa na watu wawili tu ulimwenguni walioniona kuwa mtu mkubwa, mzee mmoja na binti mmoja, na nilikuwa tayari yule mzee ajione mjinga mpaka kufa kwake ili wasiache kuniona hivyo. Ni hilo tu. Naona aibu kuliandika, lakini ni afadhali aibu.

Mama yako alijua habari ya malipo, kwa sababu tangi halidondoki kutoka mbinguni. Aliniambia mara nyingi, "Mwambie kaka yako." Mara ya mwisho ilikuwa tumbo limeshamshika Ndahani na amelazwa. Nilikwenda wodini nikiwa nimedhamiria kabisa. Nikamkuta amekaa kitandani, amekonda amebaki macho, anawaambia wagonjwa wawili wa vitanda vya jirani, "Huyu ndiye mdogo wangu anayeandika mambo ya fedha. Muulizeni chochote." Hatua ya saba, kama unakumbuka, ilisema: ukishaelewa, mwambie na mwenzako. Alikuwa bado anaitekeleza. Wale wagonjwa wakaniuliza kuhusu kununua viwanja, na mimi nikawajibu. Nikakaa pale nusu saa nikishauri watu. Ndahani alinisikiliza akitabasamu. Alfajiri ya siku ya tatu alifariki.

Tuliporudi kutoka kuzika, mama yako alivua kitenge cha msiba, akakikunja, akasema, "Umemzika na uongo wako." Hajawahi kulitaja tena. Ukitaka kujua kwa nini yeye na mimi huwa tunanyamaza ghafla tukiwa karibu na lile tangi, ni kwa sababu hiyo.

Nikaifunga Kibindoni. Wewe nilikuambia ni mambo ya kibali cha kuandika mtandaoni, kwamba nimeshindwa ada. Ukanionea huruma, ukawasimulia wenzako jinsi sauti huru inavyozimwa. Nikakuacha pia. Hakuna aliyeizima, Seche. Niliizima mwenyewe nikaketi juu yake.

Sasa swali lako. Mashuhuri, hapana. Nje ya mitaa yetu michache hakuna aliyeijua, na yule mhariri alikuwa sahihi kuniondoa. Ushawishi, ndiyo. Ilikuwa na ushawishi kuliko nilivyojua na kuliko nilivyostahili. Nilidhani wasomaji wangu ni zile tarakimu. Kumbe aliyeniamini kuliko wote hakuwahi kuhesabiwa popote, alisomewa tu nje ya kanisa akiwa ameshika kofia. Nanyi mkianza kuandika mtakuwa na watu wa namna hiyo, hamtawaona, na hawatawaandikia kuwauliza. Wakiumia watadhani wamekosea wao.

Barua ya uthibitisho sitaiandika. Yale maneno kwenye maelezo yako yafute au yaache, wewe ni mtu mzima, ila sasa unajua uzito wake.

Neno la siri nimekuandikia kwenye karatasi ndogo ndani ya bahasha hii. Nimelifikiria sana. Nilitaka kukunyima, kisha nikaona nikikunyima nitakuwa nimeificha mara ya pili. Ni yako. Ifufue, au ifungie moja kwa moja, au iache ilivyo. Ukiona huwezi kunipigia simu kwa muda, usipige. Mpigie mama yako, nitasikia sauti yako kutoka upande wa pili wa chumba, itanitosha.

Zile karatasi nne nimeziweka humu pia. Zishike taratibu, zinachanika.

Makala yenyewe sikuifuta. Leo asubuhi mlipotoka niliifungua, mara ya kwanza tangu msiba. Nikakaa mbele yake mpaka jua likahama dirishani, halafu juu kabisa, kabla ya kichwa cha habari, nikaongeza sentensi mbili. Zinasema: "Makala hii ililipiwa na kampuni inayosifiwa ndani yake, na mwandishi alificha. Kaka wa mwandishi, mfugaji aitwaye Ndahani, alifuata hatua zote saba, hakuruka hata moja."

Ukipata nafasi ukiwa peke yako, zisome kwa sauti. Kwa ile sauti yako ya mtangazaji, umesimama, kama ulivyokuwa ukimsomea.

Baba yako.